Jezi ya Swaleh Haijarudi

Jumatatu, 8 Septemba

Mahamri nimepeleka maduka manane na nimerudi jua halijakuwa kali. Mwenye duka wa Bondeni kataka kesho niongeze. Nimemwambia anipe kwanza kiti, mimi kapteni, si punda. Kacheka mpaka kakohoa.

Nyumbani nimemkuta Juma Mrefu kibarazani. Beki wangu, namba nne. Jezi iko mapajani, imepigwa pasi imekuwa kama bahasha. Nikajua.

Mamangu keshamwekea chai na mahamri manne. Manne! Mimi ninayeyabeba napewa mawili.

Ndiyo mila yetu, waliianzisha kina mjomba. Ukiingia Paka Wekundu, timu yetu ya mtaa, kapteni anakupa jezi mkononi. Ukitoka, unaifua, unaipiga pasi, unamrudishia kapteni mkononi, nyumbani kwao, kisha unakunywa chai. Hapo ndipo umetoka. Bila hivyo bado wetu, hata ukahamie Uarabuni.

Juma anakwenda timu ya basi. Ile akademi ya upande wa Kizingo. Wana basi la buluu, leo mashindano Nairobi, kesho Kisumu. Kala yote manne, kafuta mdomo. Jezi nimeipokea. Nimemwambia kwa urefu ule watamfanya nguzo ya goli. Hakucheka.

Tumebaki wanane. Nina hasira.

Jumatano, 10 Septemba

Feisal naye. Basi lile lile. Mahamri matatu, na mbaazi. Mamangu kamuuliza kama ameshiba! Nimemwambia, Mama, hawa wasaliti, unawapa mbaazi? Kasema chai yake si ya ushindi, ni ya heshima, na mimi nikaoge.

Saba.

Mwaka juzi tulikuwa ishirini na wawili. Hata benchi halikututosha. Sasa mmoja kazama kwenye simu, mmoja kazama kwenye tusheni, wengine wote wamepanda basi. Na wakipita mtaani wamevaa zile traki suti, hata salamu wanaitoa puani.

Saba ndiyo mwisho. Mzee Kombo, mwangalizi wa kiwanja, ana ubao wake. Kila timu na saa yake. Yetu Jumapili baada ya Alasiri, tangu mimi sijazaliwa. Sharti ni moja: kipenga kikilia, jezi saba ziwe kiwanjani. Ukikosa mara tatu jina linafutwa. Tumekosa mara mbili mwezi uliopita, watu walichelewa. Na wanaoitaka saa yetu ni nani? Timu ya basi. Wana watoto wadogo wanataka pa kuwafundishia. Wamechukua wachezaji, sasa wanataka na vumbi.

Hawapati. Kipa hodari wa kisiwa hiki ni mimi, na mimi sijaenda popote.

Alhamisi, 11 Septemba

Swaleh.

Hakuniambia yeye. Kaniambia Kochi Otieno. Huyu ni mtu wa bara, anafanya kazi bandarini, anatufundisha mwaka wa nane bila hata asante. Kiswahili chake kibovu, matusi yake matamu. Kanivuta kando.

"Athmani, wamemchukua Swaleh. Jumamosi wanaenda Nairobi. Wacha kijana aende. Mguu kama ule hauwezi kuozea hapa."

"Kwani sisi jalala?"

Kanipiga begani, kaenda zamu yake.

Swaleh ni wa mlango wa pili. Tulianza chuo cha Qurani siku moja, tukachapwa siku moja. Jezi namba kumi na moja nilimpa mimi. Mguu wake wa kushoto nimeufunza mimi, kwa kuupigia mipira kichochoroni tangu tuna miaka saba. Sawa, sikuufunza. Lakini mipira nilirudisha mimi.

Akitoka tunabaki sita. Jumapili Mzee Kombo anafuta.

Nataka kuvunja kitu. Nimepiga teke ndoo. Mguu unauma.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimepata akili. Wanasema niliachia shule kidato cha pili. Shule ingenifunza hili?

Jezi inarudi mkononi mwa kapteni. Kapteni asipoonekana, haijarudi. Haijarudi, Swaleh hajatoka. Na Swaleh namjua, mwana wa watu, hapandi basi la watu na jezi yetu iko kwake. Angekuwa Juma angeitupa dirishani. Swaleh hawezi.

Basi leo kapteni hakuonekana. Baada ya sala ya Ijumaa nimetokea mlango mwingine wa msikiti. Nikaenda Ngome ya Yesu, binamu yangu anauza vinyago pale nje. Nimeshinda nyuma ya meza yake. Nimemuuzia mzungu twiga, nikamwambia aliyemchonga ni mimi. Kanipiga picha na twiga wangu.

Mdogo wangu kaja mbio kuniambia: Swaleh yuko kibarazani kwetu tangu Alasiri, na jezi. Nimemwambia mwambie hujaniona. Saa moja baadaye karudi: bado yuko. Kajaribu kumpa Mama. Mama kakataa, kamwambia, "Mwanangu, mimi si kapteni. Mngoje mwenyewe."

Nimecheka mpaka binamu kanikemea.

Nalala Bondeni kwa shangazi. Swaleh angoje.

Jumamosi, 13 Septemba

Basi limeondoka bila yeye. Nimeshinda.

Nimerudi nyumbani saa tatu nikipiga mluzi. Mamangu hakunipa mahamri. Hakunipa hata mawili. Kaniambia huku anakanda unga, hakuniangalia:

"Kaja baada ya Alfajiri na begi lake la safari. Kaketi hapo mlangoni. Nimempa chai kakataa, kasema chai ni ya anayerudisha. Basi limeondoka naye yuko kwangu."

Nikasema, si alitaka mwenyewe kungoja?

"Mtoto wa watu kakufanya mtu, wewe umemfanya mjinga." Basi. Akaendelea kukanda.

Sijali. Kesho tuko saba.

Nimesema sijali.

Jumapili, 14 Septemba

Tulikuwa saba.

Mzee Kombo katuhesabu kwa kidole, mara mbili, kama anayenunua kuku. Wa saba alikuwa Swaleh. Kaja peke yake, kavaa namba kumi na moja. Haijakunjamana. Kochi Otieno kamtazama, kanitazama mimi, katema mate.

Jina letu limebaki ubaoni.

Tumecheza na vijana wa Bondeni, wao kumi na mmoja. Wametufunga sita. Manne si makosa yangu. La kwetu kafunga Swaleh, kutoka mbali, mguu ule ule. Nimekimbia kutoka golini mpaka kwake nimkumbatie, kiwanja kizima. Kanipita kama anayepita mlingoti wa taa. Wale wa Bondeni walicheka sana. "Kipa, rudi nyumbani, umekataliwa posa!"

Mwisho wa mchezo kasema maneno matatu tu.

"Umepata saba zako."

Kaenda zake na jezi mwilini. Nina hasira naye. Nina hasira na Kochi, na Mzee Kombo na kidole chake, na basi, na rangi ya basi.

Jumanne, 16 Septemba

Swaleh hasemi nami. Asubuhi tumekutana kichochoroni kwetu, pale pembamba, lazima mmoja ajibane ukutani mwingine apite. Kajibana yeye. Kama mtu anayempisha mgeni.

Juma Mrefu karudi safari. Walifungwa mechi ya mwisho. Anasema walikosa mtu wa kushoto. Kasema mbele ya watu wote, kahawani, na akaniangalia.

Naandika hili hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Januari nilikwenda kule Kizingo. Majaribio ya timu ya basi. Sikumwambia mtu, nilimwambia Mama nakwenda kwa fundi baiskeli. Tulikuwa makipa watano. Wakachukua wawili. Nilirudi kwa miguu nikiimba, ili nikikutana na mtu asijue.

Kwa hiyo si kweli kwamba sijaenda popote. Nilikwenda. Hawakunitaka.

Swaleh wamemwita wao wenyewe. Ndicho kilichoniuma. Si saa, si ubao. Kilianza hapo.

Najichukia leo. Kesho labda nitampata mwingine wa kumchukia.

Jumatano, 17 Septemba

Nimekwenda Kizingo. Kule mtu hatembei, mtu anaendeshwa. Kila geti mlinzi kanisimamisha kwa macho, nami nina kapu la mahamri mkononi. Wawili wamenunua.

Mwalimu wa timu ya basi nimemkuta anapanga koni. Nimemwambia: Swaleh hakukosa basi, nilimkosesha mimi. Kauliza vipi. Nimemweleza habari ya jezi, ya mkono, ya chai. Kacheka. Halafu kaacha.

"Sisi zetu tunakusanya kwenye gunia," kasema.

Kasema mwezi ujao wanakwenda tena, Swaleh aje mazoezini kesho. Nikageuka niende. Kaniita.

"We kijana, si wewe yule kipa wa Januari?"

"Hapana. Mimi kapteni wa Paka Wekundu."

Na nimetembea taratibu, nisionekane nakimbia.

Baada ya Alasiri nimebisha kwa kina Swaleh. Kafungua mwenyewe. Nilikuwa nimetunga hotuba ndefu, ya kumchekesha. Imenipotea. Nimemwambia, kapteni yuko. Lete jezi.

Kasema, "Jumapili je?"

Nikasema lete jezi.

Kaingia ndani. Nimesikia pasi inagonga meza, muda mrefu. Jezi ilikuwa ishapigwa pasi, najua. Kaitoa, tumetembea pamoja mpaka kwetu, hatua kumi na tano. Kanipa mkononi kibarazani. Nimepokea kwa mikono miwili.

Mamangu kaleta mahamri sita na mbaazi bakuli zima. Swaleh kala manne, kanisukumia mawili. "Yako hayo, punda," kasema.

Nimeyala.

Jumapili, 21 Septemba

Sita.

Kochi Otieno alitaka kumvalisha mpwa wa muuza maji wa mtaani jezi ya Juma. Mtoto wa miaka minane, inamfika vifundoni. Mzee Kombo kasema hapana, na mimi nikasema hapana kabla yake. Hapewi mtu jezi ili ahesabiwe tu.

Kipenga kimelia. Mzee Kombo kahesabu mara moja. Kachukua kitambaa, kakilowesha, kafuta. Nilidhani nitamtukana, nilikuwa na tusi tayari, zuri, la Kochi. Jina lilikuwa la rangi ya zamani, halikutoka lote. Anayejua bado anaweza kulisoma.

Basi la buluu lilikuwa limeegeshwa pale nje, linangoja saa yake. Watoto wakashuka na koni zao. Mdogo mmoja kavaa glovu zinamzidi mikono, mipira yote inampita. Nimesimama nyuma ya goli lake. Nimemwambia asimame mbele kidogo, asiogope. Kaushika mmoja. Kaniangalia.

Kisha nimeondoka. Ningali na hasira nao, isije ikadhaniwa vingine.

Jumatatu, 22 Septemba

Maduka manane. Bondeni wamemaliza yote.

Nimepanda darini kufua. Jezi kumi na sita zilizorudi, zimekaa kabatini zinanuka nondo. Nyekundu ilikuwa zamani, sasa waridi. Nimeziachia nafasi kwenye kamba, zisibanane.

Sisi sita tutacheza Jumapili, kichochoroni, nyuma ya msikiti. Pale hakuna ubao. Kochi kasema atakuja akitoka zamu.

Namba kumi na moja ilikuwa safi, haina hata doa. Nimeifua tena.