Nyumba Yenu Haina Ngazi

Mdogo wangu wa ziwa moja,

Pokea salamu zangu. U mzima, na watoto wazima? Lile pengo la jino limeacha kuuma? Mimi mzima, ila bega tu, na sababu utaisoma.

Kwanza niache nijisifu. Mwanangu ndiye anayetunza kompyuta kuu ya hospitali, yenye habari za wagonjwa wote. Wanaume wenye tai humwita mama. Na mimi darasa la tano sikulimaliza, lakini nani kamzaa?

Ulisikia walinzi wa kiwanda walivyowapiga wapakiaji marungu, hadi sakafu ikateleza kwa damu. Mmoja jicho lilitoka, mwingine alifia mapokezi. Hospitali ikaandika wamepigwa. Kesho yake kompyuta ikasema wote wameanguka ngazini, na mganga mkuu akaapa kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo.

Mwanangu hakubishana. Alinieleza kwamba ukibadilisha neno mle ndani, kompyuta huandika pembeni, kwenye faili lake, kwa alama za mashine zisizosomeka kwa macho: palikuwa na nini, pamewekwa nini, saa ngapi. Nakala yake huenda papo hapo kwenye kompyuta nyingine mji wa mbali. Akazifasiri zile alama, kila rungu likarudi mahali pake, akapeleka mahakamani.

Siku hiyo mchana, mkuu wa walinzi akaja kwangu, akamwamuru mwanangu alifute faili. Mwanangu akamjibu kwamba hata akifuta hapa, kule limeshafika. Yule mkuu akamvunja vidole kwenye ukingo wa meza, kimoja kimoja, akiuliza upya kila kikilia. Mtoto hakusema ndiyo. Kanirithi mimi huyo.

Nilikuwa jikoni natwanga.

Sasa, mdogo wangu, mkuu wa walinzi ni mumeo. Nasikia kakwambia taya lake limevunjika kwa kuanguka ngazini. Hakuanguka. Nilimpiga mimi, kwa mchi. Pigo la kwanza la taya, la pili la goti, yote ya vidole vya mwanangu. La tatu, alipokuwa chini tayari, lilikuwa la jino lako. Maana nawe uliniandikia kwamba umeanguka ngazini, na nyumba yenu haina ngazi.

Chumba cha nyuma nimekipiga deki. Mwanangu kafunga pazia kwa mkono mmoja. Njoo na watoto kabla goti lake halijapona.

Wasalimie wote hapo, yeye mruke.

Ni mimi dada yako, bega bovu, mkono mzima.