Baba, Yale Hayakuwa Maneno Yako

Shikamoo Baba,

Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila shikamoo. Ulinilea hivyo.

Nyumba ya Mandewa bado ipo. Upepo wa mchana unalipiga lile bati la jikoni ulilosema kila mwaka kwamba utaligongelea misumari. Nikilisikia bati, nazisikia na zile sauti zako mbili. Ya kwanza nzito, ya pili laini, kama ya mtu anayeomba radhi. Huja mchana kweupe nikiwa napepeta mchele. Naweka ungo chini, naenda kusimama mlangoni pa chumba chako. Kitanda kitupu. Naogopa, Baba, nisikufiche.

Siku zile za mwisho, homa ilipokupanda, ulirudi kazini. Ulikaa kitandani ukiwatafsiria wakubwa wawili ambao sisi hatukuwaona. Baba Mdogo alikuwa amekuja kutoka Sekenke kukuuguza, akakusikia ukisema kwa ile sauti nzito: "Mimi nimekubali. Wakivuka mto, warudishwe. Yatakayowapata huko si juu yangu." Akaniangalia. Yeye miaka yote alijua una ukarani serikalini, basi. Tangu hapo anaamini ndugu yake alipeleka watu kufa.

Mimi nilijua ile "mimi" haikuwa yako. Ulinifundisha siku ile ulipomtafsiria Bibi kwenye duka la Mhindi pale mjini. Bibi alikuwa na Kinyiramba chake tu. Alilalamika weee, na wewe ukamwambia mwenye duka, uso mkavu: "Mimi ni mjane, kanga hii ikichuja nakurudishia." Akakuuliza umefiwa na mume lini. Tulicheka mpaka Bibi akanuna. Njiani ukaniambia kazi ya mkalimani ndiyo hiyo: mkubwa akisema mimi, na wewe unasema mimi, na ukitoka unayaacha yote mle ndani. Nilipokuuliza wakubwa walisema nini, ulinipa pipi.

Sasa wifi, mke wa Kaka, amejifungua mtoto wa kiume. Jina lilikuwa lako, kila mtu alijua. Baba Mdogo akakataa, mbele ya ukoo mzima, nyumbani Ulemo. Akasema hawezi kumtwika mtoto mchanga jina la mtu mwenye damu ya watu mikononi. Wote wakanigeukia mimi niliyekuuguza. Neno moja tu, mkalimani, lingekusafisha. Lakini Baba Mdogo angeuliza mkalimani wa nani, na kabla jua halijazama gulio zima lingejua ni mkubwa gani aliyekubali, na alikubali nini. Wewe uliapa kutunza siri zao. Nikasema tu kwamba hayakuwa maneno yako. Baba Mdogo akauliza, "Ya nani?" Nikatazama mkeka.

Mtoto amepewa jina la babu yake wa upande wa mama. Kaka hasemi nami vizuri tangu siku hiyo, na simlaumu.

Linaloninyima usingizi si Baba Mdogo. Ni wale waliovuka mto wakarudishwa. Nao wana watoto, Baba, na pengine kuna binti kama mimi huko anayeuliza nani alisema warudishwe. Jibu lake liko kwangu, jikoni, na upepo. Ulilibebaje miaka yote hiyo huku ukitununulia pipi? Nakukasirikia. Halafu naona kandambili zako mlangoni na hasira inaisha.

Lala salama, mzee wangu. Sitasema. Nakuahidi hivyo ingawa sijui kama tunafanya vema. Mtoto akiletwa hapa, tukibaki wawili, namwita kwa jina lako, polepole, naye hunigeukia.

Ila na mimi nina ombi. Uliondoka ukisema ya wakubwa, la kwako hukuniachia hata moja. Ukija tena mchana, hao waache huko huko. Njoo useme mimi, nijue ni wewe.

Ni mimi,
mwanao.