Jiliwa la Mkono Mmoja

Kando ya Ziwa Mask, Mayo
11 Januari 1987

Kaka yangu Fintan,

Salamu zangu na za Baba zikufikie huko Boston kwenye theluji. U hali gani? Kifua kimepona? Jirani yetu Delia Mulroe anakusalimu na anauliza kama umeshapata mchumba. Nimemwambia akuandikie mwenyewe.

Mimi mzima. Baba hajambo, kwa jinsi alivyo. Mkono wa kulia bado unaning'inia, mguu anauburuta, na maneno yanatoka yamevimba. Akili ni ile ile, na ule ulimi wa kuikosoa chai yangu haukuguswa na kiharusi hata kidogo.

Shida ni kukaa. Tangu asubuhi yuko kitini anatazama ukuta wa jikoni. Mtu aliyekuwa akiwapeleka wageni ziwani kuvua samaki wa trauti, na majira ya baridi akawafungia nzi wao wa bandia wa manyoya juu ya ndoana, sanduku kwa sanduku, leo kazi yake ni kumkodolea macho paka. Unamkumbuka alivyokuwa akifunga: ndoana katikati ya vidole vya mkono wa kushoto, uzi na manyoya mkono wa kulia, na kejeli kwa kila aliyetumia jiliwa, kile chuma cha mezani cha kubana ndoana. "Hilo ni la mtu asiye na vidole." Basi sasa nataka nimnunulie jiliwa, limshikie ndoana mahali pa mkono aliopoteza.

Mimi sijui lolote kuhusu vyuma hivyo. Katalogi ya duka la Galway inayo ya pauni tisa na inayo ya bei ya ndama. Mimi nina pauni ishirini za mayai. Wewe ulifunga naye miaka yote ile, na huko uliko maduka hayana mwisho. Nichukue lipi?

La pili, na hili ndilo hasa. Yule bwana wa kiwanda cha uchapaji Galway, nilikokuwa kabla sijaja kumuuguza Baba, ameniandikia. Nafasi yangu ipo mpaka mwanzo wa Mei, baada ya hapo anaajiri mwingine. Nina miaka thelathini na moja, Fintan, na kazi katika nchi hii unajua zilivyo. Baba akipata cha kumshughulisha, na wewe ukarudi ukakaa naye, mimi naweza kwenda. Utakuja? Yeye hajui habari za Galway na sitaki ajue, atajiona mzigo.

Dada yako,
Nóirín


Boston
26 Januari 1987

Dada yangu Nóirín,

Barua yako nimeipata na nimefurahi mno. Mimi niko salama, kifua kimetulia, ila baridi ya huku inauma mpaka kwenye meno. Tunapaka rangi jengo refu ambalo ghorofa zake haziishi. Mwambie Delia mchumba wangu ni ngazi.

Sasa, majiliwa. Umemuuliza mtu anayejua. Kwanza usidanganywe na kung'aa. Jiliwa ni taya zake, mengine yote ni mapambo. Ukiwa dukani omba ndoana, waibane, halafu uikandamize kwa kidole gumba. Ndoana ikipinda, taya ni nzuri. Ikiteleza, mshukuru muuzaji na utoke nje. Pili, kuna ya aina mbili: ya kubana kwenye ukingo wa meza, na ya kitako kizito yanayosimama yenyewe. Ya kubana ni rahisi kwa bei, lakini ile meza yetu ya Babu ina ukingo mnene kama mkate wa Delia, kwa hiyo pima kwanza. Tatu, usiende kwenye yale ya springi. Hayo ni ya matajiri tu. Hilo la pauni tisa, la skrubu, linatosha kabisa. Ni la muda tu. Kufikia msimu wa nzi wa Mei, wale hai wanaotoka ziwani, mkono wake utakuwa umerudi na atalitupa ziwani, wewe subiri uone.

Mpe salamu zangu. Mwambie nimeona hapa nzi waliofungwa kiwandani na yeye angewalisha kuku. Naandika mbio, bosi anapiga honi nje.

Kaka yako,
Fintan


Ziwa Mask
10 Februari 1987

Kaka Fintan,

Natumaini u mzima na kwamba ngazi yako inakutunza. Sisi tumepata mafua wote wawili, yamekwisha. Ziwa limefurika mpaka kwenye ukuta wa bustani.

Pauni tisa sijazitoa, na nakueleza kwa nini. Mwalimu Gannon analo jiliwa kama hilo la skrubu, akaniazima. Nililibana mezani, na lilibana, nilipima kama ulivyosema. Baba akalitazama kama mtu aliyeletewa uji wa mwingine. Nikamwambia ajaribu. Akachukua ndoana kwa mkono wa kushoto, akaiweka katikati ya taya. Sasa nani akaze skrubu? Ukiikaza, unaiachia ndoana, na ndoana inaanguka. Ukiishika ndoana, skrubu haijikazi. Alijaribu mpaka jasho likamtoka. Akajaribu kuishika kwa meno, ikamchoma mdomo. Mwishowe ndoana ikaingia kwenye chai. Akasema, "Nirudishie ukuta wangu." Tulicheka sana, halafu mimi nikaenda kulia kwenye banda la kuku.

Alipolala mchana nilijifunga mkono wangu wa kulia kwa mkanda wa aproni nikajaribu mwenyewe. Haiwezekani, Fintan. Kinachofaa ni lile la springi, lenye mpini. Unaukandamiza mpini kwa kiwiko, taya zinafunguka, unatia ndoana kwa vidole vya mkono huo huo, unaondoa kiwiko, zinauma zenyewe. Kwenye katalogi ni pauni arobaini na nane. Sina.

Mkono haurudi. Daktari alisema mwezi wa kumi na nilikuandikia. Wewe unamchagulia jiliwa la mtu mwenye mikono miwili kwa sababu hutaki kumwona mwenye mmoja. Mimi ninamwona kila siku. Ninamfunga vifungo vya shati, ninamkatia nyama, na nikienda dukani Ballinrobe narudi mbio kama niliyeacha maziwa motoni. Sijalala nje ya nyumba hii tangu nilipokuja.

Na swali langu hukulijibu. Uliandika ukurasa mzima wa taya. Utakuja au huji?

Dada yako,
Nóirín


Boston
3 Machi 1987

Dada yangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Natumaini mafua hayajarudi na maji yameshuka. Mimi mzima, namshukuru Mungu.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi. Kifungue taratibu, nimelizungushia sweta, na sweta ni lako. Ni la springi. Usiulize bei. Nilikwenda duka moja karibu na bandari Jumamosi mbili mfululizo. Majiliwa yote nimeyajaribu, mkono mmoja mfukoni, mpaka muuzaji akaniuliza mkono umepatwa na nini. Nikamwambia si wangu. Hili lilikuwa la maonyesho dirishani, lina mkwaruzo kwenye kitako na jua limelichujua rangi, kwa hiyo akanipunguzia karibu nusu. Taya zake nimezijaribu kwa ndoana ndogo na kubwa. Hazitelezi. Kitako ni chuma kizito, halihitaji ukingo wa meza, anaweza kuliweka hata kwenye trei kitandani. Lipake mafuta ya cherehani mara moja moja kwenye springi.

Ulisema kweli kuhusu mkono. Nisamehe.

Chuma kama hiki hakifi, Nóirín. Kitawatosha maisha yote.

Kaka yako,
Fintan


Ziwa Mask
24 Machi 1987

Kaka Fintan,

Kifurushi kimefika salama na sweta limenienea. Asante. Tu wazima. Kondoo wa Delia wameanza kuzaa na kelele zao hazitupi usingizi.

Baba alikataa kulitazama. Nililiweka mezani mbele yake nikaenda zangu kulisha kuku. Niliporudi lilikuwa limegeuzwa kuelekea dirishani. Siku ya pili nikakuta limebana kijiko. Siku ya tatu kipande cha mkate, yeye anakipaka siagi, na akanitazama usoni kuona kama nitathubutu kusema neno. Sikuthubutu. Baada ya hapo akabana kila kitu: soksi, kiko, brashi ya viatu. Jumapili akaitisha sanduku lake la manyoya.

Nzi wa kwanza alikuwa kama aliyepigwa na gari. Akamtupa motoni. Wa pili naye. Jana amefunga mmoja wa Mei, mbawa upande, mkia mrefu kupita kiasi, akamwacha kwenye taya mpaka jioni ili Delia amwone anapopita. Delia akasema, "Tom, huyo amelewa." Baba akasema, "Trauti wanapenda walevi." Ni mara ya kwanza kumtania Delia tangu Krismasi. Ulichagua vizuri, na nakushukuru kwa moyo wangu wote.

Lakini uliandika kitatutosha maisha yote. Nilikaa na neno hilo muda mrefu, Fintan. Maisha ya nani? Alipoanza kufunga nilifurahi, halafu nikaona kwamba bado anahitaji mtu wa kumpandisha kitandani, wa kumwosha, wa kumwokota akianguka. Umemtolea yeye ukuta mbele ya macho. Mimi wangu upo pale pale. Kuna siku nasimama mlangoni na koti nimelivaa, nalivua tena, na naona aibu kwamba nilivaa.

Barua zako namsomea kwa sauti kila zinapofika, kwa kuwa bahasha hawezi kufungua. Yale ya Galway naruka. Anapenda yale ya maduka, ananirudisha niyasome upya.

Nijibu kwa neno moja tu. Kuja au kutokuja. Mwanzo wa Mei hausogei.

Dada yako,
Nóirín


Boston
6 Aprili 1987

Nóirín,

Natumaini hamjambo. Mimi mzima.

Siji. Ulitaka neno moja, ndilo hilo, na ningelikuandikia mwezi wa kwanza kama ningekuwa mwanamume.

Sina karatasi za nchi hii. Niliingia kama mgeni wa kutembea, nikabaki. Nikitoka, sirudi tena, na huko nyumbani nikirudi nitafanya nini? Nitakaa kiti cha upande wa pili nitazame ukuta pamoja naye? Hapa naishi na wenzangu watano chumba kimoja, tukisikia hodi tunazima redio. Sijakueleza kwa sababu Baba anajisifu kanisani kwamba mwanawe ana mambo yake Amerika.

Waambie wa uchapaji waajiri mwingine. Najua ninachokuomba. Lakini Baba bila wewe hataweza, na wewe unalijua hilo kuliko mimi. Ukiondoka watampeleka kwenye nyumba ya wazee ya watawa wa Castlebar, na mtu anayeingia pale hatoki kwa miguu yake. Vumilia kidogo. Nitakutumia pesa kila mwezi.

Nisamehe, dada yangu.

Fintan


Ziwa Mask
27 Aprili 1987

Fintan mwanangu,

Salamu. Unaendeleaje? Mimi si mbaya. Utaona mwandiko ni wa kuku. Ni mkono wa kushoto, na karatasi nimeikandamiza kwa kitako cha jiliwa lako.

Barua yako ilifika dada yako akiwa Misa. Nilitaka kusikia habari za maduka. Nikabana bahasha kwenye taya, nikaichana kwa kisu cha siagi, nikasoma mwenyewe. Sijawahi kufungua barua ya mtu. Safari hii sijutii.

Kwa hiyo najua ya Galway, na najua ya karatasi zako. Kanisani nitaendelea kujisifu, hilo usinipangie.

Sikumwambia Nóirín ulichoandika. Barua nimeitia motoni. Nilimwambia tu kwamba Delia kaniropokea habari za kiwanda, na kwamba wewe umekwama na jengo refu, utaandika. Delia amekubali kubeba uongo huo, kwa chupa ya wiski. Halafu nikamwambia watawa wa Castlebar wamenipa kitanda cha muda, wiki chache tu, nikapumzike kidogo kutokana na mapishi yake wakati yeye anatafuta chumba. Alilia. Alibisha. Nikamwambia, binti, nenda, unanizibia mwanga wa dirisha, siwezi kufunga nzi. Alhamisi alipanda basi, na lile sweta lako.

Kitanda si cha muda. Karatasi nimesaini mbele ya padri, kwa mkono huu huu, na sahihi imesomeka. Kesho asubuhi wanakuja kunichukua. Jiliwa linabaki hapa mezani. Watawa hawataki ndoana karibu na vitanda vya wazee, na sikuwa na nguvu ya kubishana na wanawake wawili ndani ya wiki moja, dada yako na mtawa.

Nzi wa Mei wanaanza kutoka siku yoyote. Nilikaa mlangoni leo kutwa. Nimelia pia, nisikufiche, lakini hapakuwa na mtu.

Sasa sikiliza. Nóirín atakuandikia. Atakuuliza kama umesikia lini natoka Castlebar. Usimjibu. Usimwambie hili wala lile mpaka majira ya joto yaishe na awe amezoea kazi, amepata marafiki, amelipia chumba. Akijua sasa atarudi na basi la jioni. Wewe kutojibu swali unakujua, umefanya hivyo majira yote ya baridi. Nifanyie tena, mara hii kwa kuwa nimekutuma mimi.

Sikulaumu. Wewe umefungwa huko na mimi nimefungwa huku, na si lazima sote watatu tuwe ndani.

Taya za jiliwa hazitelezi. Ulichagua vizuri.

Ukishasoma, choma.

Baba yako