Ngazi Kumi na Nne

Mwenzangu, nimejifungia kwenye choo cha maktaba nacheka peke yangu. Ile sura ya tatu ya tasnifu yangu imekufa, mbele ya profesa na ukumbi mzima.

Nilikuwa nawasomea lile faili la zamani la uhamiaji, la kijana wa Kichina aliyetaka kuingia nchini kwa kudai ni mtoto wa raia, akahojiwa kuhusu nyumba yao kule China ili wajue kama anadanganya.

Nikasoma swali la afisa: "Ngazi za mlangoni ni ngapi?" Kabla sijafika kwenye jibu, bibi mmoja Mchina kule nyuma akasema, "Kumi na nne."

Nikadhani kabahatisha. Nikasoma: "Kisima kiko wapi?" Akasema, "Mashariki, na mfuniko umepasuka."

Mfuniko umepasuka. Neno kwa neno, kama ilivyo kwenye faili.

Nami kwa kiherehere changu nikatangaza: "Mmeona? Nyumba ilikuwepo. Kijana alisema kweli." Miaka minne naandika hivyo.

Bibi akanionea huruma. "Mwanangu, kijana huyo ni baba yangu. Nyumba hiyo hakuwahi kuiona. Alinunua jina la mtoto wa raia mmoja ili aingie nchini, akapewa na majibu ya kukariri. Akatukaririsha na sisi wanawe, isije siku tukaulizwa."

Nikaangua kicheko palepale kwenye kipaza sauti. Yeye akacheka kunishinda. Profesa hakucheka.

Baadaye nikamfuata yule bibi, nikamuuliza baba yake hasa aliitwa nani.

Akanivuta karibu, akaninong'oneza sikioni.

Mwenzangu, jina hilo halimo kwenye faili lolote. Nimepewa mimi.