Baba Yetu Hakuwa Daktari wa Uongo

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka asubuhi ile, umekwisha kunawa mikono unangoja chai. Kipande chako cha sabuni bado kiko kwenye beseni la uani. Mama hataki mtu mwingine akitumie.

Maisha yako yote ulifanya kazi kwenye maabara ya hospitali, ukipima damu, mkojo na choo cha watu. Tulipokuwa wadogo ulitutania mezani: "Kuleni, wanangu. Choo cha watu ndicho kinachowalisha." Tulicheka mpaka tukapaliwa, isipokuwa binti yako, kitinda mimba wako. Shuleni walimwita mtoto wa mpima choo, na jina hilo lilimchoma kuliko tulivyojua.

Ndiyo maana alipopata mchumba aliwaambia wakwe zake kwamba baba yake ni daktari. Wewe ulikuja kulijua jambo hilo siku mama mkwe wake alipokuonyesha goti lake mbele ya wageni, akitaka ushauri. Ulimtupia jicho binti yako, ukamwona akikusihi kwa macho juu ya sinia aliloshika.

"Goti halitaki pupa, mama," ukasema. "Nipe mpaka kesho."

Kesho yake ulikwenda kumwuliza daktari wa mifupa, ukamletea mama wa watu jibu la maana. Binti yako hukumgombeza. Ulimwambia tu, "Ungenifanya hata mwalimu, mwanangu. Walimu hawaletewi magoti."

Kisha akajifungua mtoto wa kiume, akiwa huko huko kwa wakwe. Hata wiki haijaisha, mtoto akaanza kutulia. Halii, hashiki ziwa, kulala tu. Wenyeji wakamsifu kwa upole. Ulipokwenda kumwona, ulinawa mpaka kwenye viwiko kama kawaida yako, ukamshika nyayo. Zilikuwa baridi, na kifua kilikuwa kinapanda na kushuka mbiombio.

"Huyu si mpole, anaumwa," ukasema. "Naogopa vijidudu vimeingia kwenye damu. Twende hospitali sasa hivi."

"Mbona hana homa?" akauliza mama mkwe.

"Mtoto mchanga kinga yake nayo ni changa, mama. Mwingine hachemki, anapoa. Na huyo anayepoa ndiye wa kuogopa."

"Sasa si daktari mwenyewe upo? Andika dawa, tutume mtu dukani. Kichanga hiki tukipeleke kwenye upepo kwa nini?"

Binti yako alikuwa amesimama mlangoni. Neno lake moja tu ndilo lililotakiwa, akalimeza. Ulimtazama, ukangoja kidogo, halafu ukamgeukia mama mkwe wake.

"Mimi si daktari. Ni mtu wa maabara, napima choo na damu. Nilijikweza ili mniheshimu, na binti yangu nikamkataza asiitoboe siri yangu. Lawama nipeni kesho. Leo nipeni mtoto."

Wakakupa.

Hospitali walimtoa damu kidogo, na hapo hapo wakaanza kumpa dawa za kuua vijidudu kwenye mshipa, maana ugonjwa ule haungoji majibu. Damu iliingia kwenye kabati lenu la joto kule maabara, ili vijidudu viote na kujulikana ni vya aina gani. Siku ya majibu ulikiinua kwenye mwanga kisahani cha kuoteshea vijidudu, ukakuta vimeota mpaka ukingoni mwa kijikaratasi kilicholoweshwa dawa aliyokuwa akipewa. Havikuiogopa hata kidogo. Kuzunguka kijikaratasi cha dawa nyingine palikuwa na duara tupu, safi: hiyo ilikuwa ikiviua. Ukatimua mbio koridoni kuwaambia madaktari, wewe ambaye hata mvua haikukukimbiza. Wakabadilisha dawa. Baada ya siku chache mjukuu wako akalia kwa njaa, na kilio hicho ndicho tulichokuwa tukikiomba.

Mtoto alipona. Jina lako halikupona. Kwa wakwe wa binti yako ulibaki kuwa "daktari wa uongo." Kwenye sherehe walikuonyesha magoti yao kwa kicheko, nawe ukacheka nao. Binti yako alikuwa akiinuka na kwenda jikoni. Siku moja alianza kukuomba radhi, ukamkatiza: "Mtoto ananyonya? Basi yameisha." Hayakuisha, Baba. Wewe ndiye uliyekuwa unayabeba. Nasi tuliojua tulinyamaza, eti tusivunje nyumba yake. Tunaona haya hata kuliandika.

Siku ya mazishi, kaka yetu aliposoma kwenye wasifu wako kwamba ulikuwa mtu mkweli, mtu aliguna kwenye viti vya wakwe, na wengine wakainama kuficha kicheko. Binti yako naye aliinama. Jeneza lako lilikuwa mbele yake, na bado hakusema.

Wiki iliyopita alikwenda kwa mama mkwe wake, akasema yote, mbele ya mumewe.

"Aliyeguna siku ile ni mimi," akasema yule mama. "Nimemgunia maiti aliyemwokoa mjukuu wangu. Sasa mimi radhi nitamwomba nani?"

Binti yako akatuletea swali hilo nyumbani.

Wanaokukumbuka ni mkeo, wanao wote, wakwe zako, wajukuu zako, na wenzako wa maabara. Yumo pia mama mkwe wa kitinda mimba wako, aliyetusihi tusimwache nje. Na yumo kitinda mimba mwenyewe, aliyetaka kila aliyewahi kukucheka asome hapa gazetini kwamba udaktari ule aliubuni yeye, kwa kukuonea aibu.

Hatutakusahau maisha yetu yote, Baba. Uongo wako ulikuwa mmoja tu: siku uliposema kwamba umedanganya.