Niliweka Omena Katika Begi la Metrine

Mpendwa Shangazi Bosibori, naomba msaada wako, na tarehe nimezitoa kwenye shajara yangu ili usidhani natunga. Nina miaka kumi na sita, niko Kidato cha Pili, na nyumbani kwetu ufuoni Homa Bay mama huanika omena, wale dagaa wa ziwani. Jumanne tarehe 10 Juni Cephas alinusa hewa darasani akasema, "Milly, omena ndiyo hii, ugali uko wapi?" wakacheka wote, ilhali mimi huoga asubuhi na jioni, na siku hiyo nilikuwa nimejipulizia marashi ya dada mpaka nikapiga chafya. Alhamisi mwalimu wa kwaya akanirudisha safu ya nyuma, akamweka mbele Metrine, rafiki yangu wa dawati moja, ambaye hunukia sabuni mpaka kengele ya mwisho na wala haringi, na hilo ndilo liliniuma zaidi, maana sikupata hata kosa la kumchukia. Ijumaa nikatia konzi ya omena katika begi lake. Wakamwita yeye Omena, akalia, na tangu Jumatatu hajaja shuleni. Leo ni Jumatano. Wakiuliza yuko wapi, nasema sijui. Nifanye nini?
M., Homa Bay

M., pole. Kuchekwa kwa ajili ya harufu kunauma, hasa katika umri wako. Lakini usinililie sana, kuna msichana anajificha nyumbani kwa sababu yako.

Umeandika kila kitu isipokuwa mahali unapoanika sare. Mimi pia nimelelewa kando ya ziwa: ni karibu na nyavu za omena, sivyo? Basi unaoga vizuri, kisha unavaa harufu. Sugua makwapa ya shati kwa sabuni, anika sare upande upepo unakotoka, ikikauka ifungie kwenye sanduku lenye kifuniko. Marashi acha. Yakikutana na samaki huzaa harufu ya tatu.

Sasa Metrine. Nenda kwao leo, usimtume mtu. Msalimie mama yake, kisha sema mbele yao wote wawili: "Omena niliiweka mimi, kwa wivu." Watakufokea, vumilia, na usianze habari za kwaya. Kesho simama darasani, Cephas akiwepo, useme maneno hayo hayo. Watakucheka tena, naam. Lakini Metrine akirudi ataingia kichwa juu. Akichagua kuketi dawati lingine, mwache aketi.