Kiti Changu Mpeni Bi Chaki

Chumba cha juu, nyuma ya duka la viatu,
Tarehe 14 Septemba, mwaka wangu wa thelathini na moja ugenini.

Mpwa wangu mpendwa,

Habari za nyumbani? Kikohozi kimekuachia? Na mumeo, mgongo unamwendeaje? Huku tu wazima, namshukuru Mungu. Magoti yangu yamegoma kupanda ngazi ila kuteremka yanakubali, basi nateremka kwa furaha na kupanda kwa lawama.

Barua yako nimeirudia mara nyingi. Karakana yetu ya ushonaji ya parokia imepata mfadhili wa mashine ya kukatia vitambaa. Itafanya peke yake kazi ya wakataji wote wanne, na mfadhili anataka jibu kabla ya Krismasi. Mmeshindwa kuamua, mkasema tumngoje Mjomba, yeye ndiye mwanzilishi. Kumbe kiti changu bado mnakiacha wazi kila kikao, kimetandikwa kitambaa! Nilicheka, kisha nikaona haya. Nilikiacha kina mguu mbovu. Natumaini angalau mmeutengeneza.

Umeuliza Kanisa linasemaje. Linasema kazi ipo kwa ajili ya mtu, si mtu kwa ajili ya kazi. Halichukii mashine. Linataka kujua muda utakaookolewa utamfaidi nani.

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, nilikofanya kazi hadi nilipostaafu, ililetwa mashine ya kupiga pasi mashuka. Meneja alikuwa keshachagua wa kupunguzwa. Wafuaji wakaomba kikao, wakamwonyesha kwamba sasa mashuka ya Jumapili yanaweza kumalizwa Jumamosi, wote wakapumzika Jumapili badala ya wengine kufukuzwa. Alinung'unika, akakubali kujaribu. Hakuna aliyefukuzwa. Mama aliyekuwa akikunja mashuka pamoja nami, sasa namwona kanisani Jumapili na wanawe. Yule mdogo ana kelele kuishinda kengele.

Lakini sikuambii mwige. Kanisa hilohilo linafundisha kwamba jambo wanaloliweza walio karibu, walio mbali wasiwanyang'anye. Mimi ndiye wa mbali. Sijui tena hata meza ya kukatia mmeiweka upande gani. Bi Chaki, mkuu wa wakataji, anajua, na riziki yake ndiyo iliyo hatarini. Uliniandikia alivyowavunja mbavu kikaoni: "Huyo Mzee mpaka ajibu, suti ya bwana harusi itamkuta ana wajukuu!" Mwambie nimekubali kosa.

Basi kiondoeni hicho kitambaa, Bi Chaki akalie kiti. Wakataji wote wanne wawemo ndani, wasiachwe barazani kungoja kuambiwa. Bishaneni mpaka mchoke, muamue, ndipo mniandikie. Sina wasiwasi nanyi. Marehemu mama yako angekuwa tayari anagonga meza.

Nisalimie mumeo, dada yangu mkubwa, na katekista. Mwambie bado naharibu sauti ya pili kwaya ikiimba. Mungu aibariki mikono yenu, inayoshona na inayokata.

Unasema njia za kurudi nyumbani, zilizofungwa miaka yote hii, sasa zimefunguka, nije niwaongoze mwenyewe. Ni kweli zimefunguka, na wanangu wangenilipia nauli. Lakini mke wangu amezikwa hapa, na wajukuu hawalali mpaka niwaage. Msiningojee, mpwa wangu. Sitarudi.

Mjomba wako, anayekupenda vilevile.